Nisubiri Super, au ninunue sasa?

Swali: Fundi, habari za kazi. Ninahariri video za harusi na send-off hapa Arusha. Kompyuta yangu ina kadi ya michoro ya Nvidia, GTX 1060, na imeanza kunichosha. Video za kamera yangu mpya zinakwamakwama kila nikiziweka kwenye taimlaini. Nimejikusanyia hela ya kadi mpya, lakini kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema nisubiri RTX 50 Super, yaani toleo lililoongezwa nguvu la kadi za Nvidia za kizazi cha 50. Mwingine anasema hata hiyo ni kazi bure kwa sababu kizazi kinachofuata, RTX 60, kiko njiani. Dukani nimekuta RTX 5060 Ti mbili, jina moja, bei mbili. Muuzaji mwingine ananisukumia laptopu ya RTX 5070, anasema ni sawa na kadi ya mezani. Halafu kuna RX 580 za AMD, za mtumba, bei ya kutupa. Nifanye nini? Na haya majina anayapanga nani?

Jibu: Kaka, tuanze na hiyo 1060 yako, maana nusu ya jibu umekuwa nalo mezani miaka yote hii. Ni ya GB 3 au ya GB 6? Zilipotoka mwaka 2016 wengi walidhani tofauti yake ni memori tu. Kumbe ya GB 6 ina viini 1,280 vya kuchakata, na ya GB 3 ina 1,152. Ni kadi mbili zilizopewa jina moja. Aliyenunua ya GB 3 alipunjwa mara mbili, na boksi lilimwambia mara moja tu.

Majina yanapangwa na watu wa mauzo, na yanapangwa mwishoni. Shika hapo, kwa sababu ukijua nini huamuliwa lini, utajua pia tetesi ipi uiamini na ipi uiache ipite.

Chipu yenyewe huanza kuchorwa miaka kadhaa kabla hujaiona. Ukubwa wake, idadi ya viini, upana wa njia ya memori (unaohesabiwa kwa biti), hivyo vyote vinafungwa mapema, maana kiwanda hakiwezi kubadilisha silikoni kwa kufuta na kuandika upya. Kisha chipu zinatoka kiwandani na zinachambuliwa. Fikiria kahawa ya Kenya inavyopitishwa kwenye ungo: shamba moja, mavuno ya siku moja, lakini gunia hili linaandikwa AA na lile AB. Chipu ya Nvidia inayoitwa GB203 ikitoka nzima, na viini vyake 10,752, inakwenda kuwa RTX 5080. Ikizimwa sehemu, zenye kasoro au hata zile nzima zinazohitajika kujaza oda, inabaki na viini 8,960 na kuitwa RTX 5070 Ti. Baada ya hapo ndipo wanaamua memori kiasi gani na wati ngapi. Jina linafuata. Bei inakuja mwisho kabisa, wakati mwingine mashine za watengenezaji wa kadi zikiwa zimeshaanza kufunga maboksi.

Ushahidi mkubwa wa hili ni wa mwaka 2022. Tarehe 20 Septemba Nvidia ilitangaza RTX 4080 mbili: ya GB 16 kwa dola 1,199 na ya GB 12 kwa dola 899. Watu wakachimba, wakaona ni mchezo wa 1060 umerudi, tena kwa mkono mzito zaidi. Ya GB 16 ilikuwa na viini 9,728, ya GB 12 viini 7,680, na hata chipu haikuwa moja. Ya pili ilitumia AD104, ndogo zaidi. Kelele zikapigwa kila kona. Tarehe 14 Oktoba kampuni ikatoa tangazo fupi kwamba 4080 ya GB 12 inaondolewa kabla haijauzwa, kwa kuwa jina lake halikukaa sawa. Januari 2023 kadi hiyohiyo ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti, dola 799. Viini 7,680, GB 12, AD104. Hakuna kilichoguswa ndani. Jina lilishushwa daraja moja, bei ikashuka dola 100.

Sasa jiulize: mtu aliyevujisha habari za chipu ile mwanzoni mwa 2022, na akapatia viini na memori, angewezaje kupatia jina ambalo wenyewe walilibadilisha Oktoba?

Ndiyo maana tetesi za majina huanguka mara kwa mara. Mwaka 2018, kwa miezi mingi, kila mtu aliandika habari za GTX 1180. Ikatoka RTX 2080. Mwaka 2024 wote waliisubiri Radeon RX 8800 XT, na AMD ikaruka namba 8000 nzima kwa kadi za mezani na kuleta RX 9070 XT Machi 2025. Mpangilio wa namba nao wakaupindua ili ile 70 ikae mahali ileile inapokaa kwa Nvidia, mnunuzi alinganishe kwa jicho moja. Uamuzi wa busara, sikatai, isipokuwa waliobobea umri kama mimi tunakumbuka kwamba Radeon 9700 Pro ilikuwepo mwaka 2002, enzi za ATI, kabla AMD haijainunua. Mtu anayetafuta draiva kwa namba tu anaweza kujikuta ana kwa ana na bibi yake kadi.

Tetesi za wati ziko katikati. Kabla ya RTX 4090 ilivuma kwamba itakula wati 600. Ikaja na 450. Tetesi ile haikutungwa hewani: plagi mpya ya umeme iliyokuja na kadi zile iliundwa ibebe hadi wati 600, na walioiona waliweka mbili na mbili pamoja wakapata tano.

Ukikutana na tetesi, basi, uliza inatoka kwenye tabaka gani. Mabadiliko ya draiva za Linux ni chanzo kizuri, kwa sababu wahandisi wa AMD na Intel huingiza msimbo wa chipu mpya hadharani kabla ya uzinduzi; huko hutaona jina la dukani, utaona chipu. Orodha za usajili za Tume ya Uchumi ya Eurasia hupendwa sana na waandishi wa tetesi, lakini watengenezaji wa kadi husajili majina kwa wingi ili kujiwekea nafasi, na mengi hayazaliwi. Na yule wa YouTube mwenye "chanzo cha ndani" anayekutajia bei ya kadi isiyo na jina, huyo msikilize ukiwa unakunywa chai.

Hizi za RTX 50 Super nazipima kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Kila chipu ya memori inachukua biti 32 za njia. RTX 5070 ina njia ya biti 192, kwa hiyo inabeba chipu sita. Za GB 2 kila moja, unapata GB 12, ndiyo iliyoko dukani. Ukiweka za GB 3 unapata GB 18. RTX 5080 ina biti 256, chipu nane: GB 16 leo, GB 24 kwa chipu za GB 3. Na tetesi zinasema hivyohivyo, 5070 Super ya GB 18 na 5080 Super ya GB 24. Hesabu inakubali. Chipu za GB 3 nazo si ndoto, tayari zimo kwenye laptopu za RTX 5090, ambazo zina GB 24 juu ya njia ya biti 256. Angekuambia mtu kuna 5070 Super ya GB 16 kwa njia ileile ya biti 192, ungemwomba akuoneshe alivyogawanya.

Lakini hesabu kukubali si sawa na kadi kufika Arusha. Mwaka 2020 ilizungumzwa sana RTX 3080 ya GB 20. Hesabu yake ilikubali vilevile: biti 320, chipu kumi, GB 2 kila moja. Haikuzinduliwa. Tukaja kuletewa RTX 3080 Ti ya GB 12, Juni 2021. Kizazi kile kizima cha 30 hakikupata Super ya mezani hata moja. Cha 20 kilipata, Julai 2019. Cha 40 kilipata, Januari 2024. Hakuna sheria. Na safari hii memori yenyewe imekuwa lulu. Samsung, SK hynix na Micron wanagombaniwa na vituo vya data vya akili mnemba, bei za memori zilipaa kuelekea mwisho wa 2025, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, jina lake la bidhaa za watu wa kawaida. Kadi ambayo sifa yake ya pekee ni memori zaidi haiwezi kupangiwa tarehe katika hali hiyo.

Na kwako wewe kuna jambo dogo ambalo hao washauri wako wamelipita. Super za kizazi cha 40 zilikuwa 4070 Super, 4070 Ti Super na 4080 Super. Tetesi za kizazi cha 50 nazo zinataja 5070, 5070 Ti na 5080. Wewe uko kwenye 5060 Ti. Unaambiwa ukae kituoni kusubiri basi ambalo hata kwenye tetesi halipiti mtaani kwako.

RTX 60 nayo nitaipitia haraka. Machi 2025 Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alitaja chipu za Rubin kuwa ndizo zinazofuata kwa vituo vya data, na hapo watu wakaunganisha moja kwa moja kwamba RTX 60 ni Rubin. Huenda. Angalia mwendo wao wa nyuma: kizazi cha 10 kilianza Mei 2016, cha 20 Septemba 2018, cha 30 Septemba 2020, cha 40 Oktoba 2022, cha 50 Januari 2025. Ni miaka miwili hivi au zaidi kila mara. Kwa mwendo huo unaongelea 2027, na zinazotangulia ni kubwa. 4060 ilifika miezi minane baada ya 4090, 5060 miezi minne baada ya 5090. Harusi ngapi zitapita hapo katikati?

Sasa zile 5060 Ti mbili. Hapa, ajabu, jina halikudanganyi kama lilivyofanya kwenye 1060: zote zina viini 4,608 na njia ya biti 128. Tofauti ni memori kweli, GB 8 na GB 16, na zilipotoka Aprili 2025 zilipishana dola 50 tu, 379 kwa 429. Kwa biti 128 unapata chipu nne, za GB 2, jumla GB 8. Ili kufika 16 wanabandika nyingine nne upande wa nyuma wa kadi, mbili mbili zikigawana njia. Chukua ya 16, na sababu yangu haiishii kwenye uhariri. Kompyuta ya umri wa 1060 yako karibu hakika ina PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi na madabodi, na 5060 Ti inatumia njia nane tu za PCIe badala ya 16. Memori ya kadi ikijaa, data inaanza kupanda na kushuka kupitia kimlango hicho chembamba, na hapo ndipo ya GB 8 inapogoma zaidi kwenye madabodi ya zamani kuliko kwenye mpya. Ya 16 haijai kirahisi, kwa hiyo haikutani sana na shida hiyo.

Laptopu ya muuzaji wako ndiyo imenifanya niache kazi nikuandikie. RTX 5070 ya mezani ina viini 6,144, GB 12, na inakula wati 250. RTX 5070 ya laptopu ina viini 4,608, GB 8, na mtengenezaji ameruhusiwa kuipa kati ya wati 50 na 100. Umeiona hiyo 4,608 aya iliyopita. Ni chipu ya 5060 Ti, GB206, imevalishwa jina la dada yake mkubwa na kunyimwa chakula. Kwa anayesafiri ni mashine nzuri tu, mimi mwenyewe ninayo ya kizazi kilichopita, lakini "sawa na kadi ya mezani" si kweli. Na laptopu mbili za 5070 si lazima zilingane. Akikung'ang'ania, fungua Nvidia Control Panel palepale, nenda kwenye System Information, tafuta mstari wa Maximum Graphics Power. Ukisomeka 60, unajua unachouziwa.

Kuna kitu kingine cha jukwaani usikibebe. Januari 2025, kwenye uzinduzi, Nvidia ilisema kwamba 5070 ya dola 549 inatoa kasi ya 4090. Hiyo ni kwa gemu, pale kadi inapobuni fremu za katikati yenyewe. Bibi harusi wako harekodiwi kwa fremu za kubuni. Kwenye uhariri dai hilo halina kazi.

Kuhusu mtumba. RX 580 halisi ina viini 2,304. Mwaka 2018 China ilitolewa nyingine inayoitwa RX 580 2048SP, ambayo kwa viini ni RX 570, na nyingi kati ya hizi zinazozunguka zikiwa zimetoka kuchimba sarafu za kidijitali ni hizo. Wauzaji hufuta hilo neno la mwisho. Na kuna ubaya kuliko huo. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza mtandaoni GTX 1050 Ti kwa ajili ya mteja, bei nzuri, boksi jipya linang'aa. Nilipoitoa nikaona nyuma yake tundu la VGA, lile la bluu lenye matundu 15. Nikakaa chini. Kizazi cha 1050 Ti hakitoi kabisa mawimbi ya analogi, VGA pale haina pa kutokea. Nikaiwasha hata hivyo, nikafungua GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi, na mbele ya jina ikaandika FAKE kwenye mabano ya mraba. Ndani ilikuwa chipu ya Fermi, kizazi cha zamani cha Nvidia, ya mwaka 2010 hivi, wamebadilisha biosi ili ijitambulishe kwa jina la mtu mwingine. Muuzaji hakujibu ujumbe hata mmoja. Mteja nilimrudishia hela yake kutoka mfukoni mwangu.

Huo ni wizi, wala haulingani na mambo ya kampuni. Ila kampuni zenyewe huo mchezo wa kubadili kanzu zimeucheza kwa miaka. GeForce4 MX ya 2002 ilikuwa na teknolojia ya nyuma kuliko GeForce3 iliyoitangulia. 8800 GT ya 2007 ikawa 9800 GT mwaka 2008, chipu ileile. GT 1030 ilitoka na memori ya GDDR5, kisha mwaka 2018 ikaletwa nyingine ya DDR4, jina lilelile, na kasi ya memori ikaporomoka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi 16.8. Na kuna ya kimyakimya: 1060, 2060 na 3060 zote zilitumia chipu zinazoishia na 106, kisha 4060 ikapewa AD107, chipu ya daraja la chini. Kwenye majina haya ya ndani, namba ikikua chipu inapungua. 3060 ya GB 12 ilikuwa na njia ya biti 192. 4060 iliyomrithi ina GB 8 na biti 128. Mwenye 3060 aliyekwenda dukani "kupanda ngazi" alipata kasi zaidi na memori pungufu.

Nimeacha la kwako mwishoni kwa makusudi. Umesema video za kamera mpya ndizo zinazokwama. Angalia mipangilio ya kamera: kama inarekodi 4:2:2 biti 10, mfumo unaohifadhi rangi nyingi zaidi kuliko 4:2:0 ya kawaida, basi mchawi tumempata. Kadi za RTX 30 na 40 haziwezi kufungua 4:2:2 kwa saketi zake maalumu za video, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa, na prosesa yako ya zamani inapiga magoti. RTX 50 ndiyo ya kwanza ya GeForce kuifungua, kwa video za aina ya H.264 na HEVC. Kwa kazi yako, basi, tarakimu za mwanzo zina uzito kuliko zinazofuata: 5060 Ti itakufaa kuliko 4070 aliyokuachia rafiki kwa bei ya urafiki. Kama kamera inarekodi 4:2:0, hoja hii inaanguka, na 4070 inarudi mezani.

Hela ikipungua, Intel Arc B580 ya GB 12 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249 na yenyewe inafungua 4:2:2 ya HEVC. Napenda hata majina yao, A ni Alchemist, B ni Battlemage, inayofuata ni C; mtoto wa chekechea anajua ipi mpya. Lakini inataka madabodi yenye Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, na kwenye mashine ya umri wa yako siwezi kukuahidi. Ingia kwenye biosi uangalie kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa hiyo nunua 5060 Ti ya GB 16, usisubiri. Ni kadi ya wati 180, ila hakikisha pawasaplai yako si ile iliyokuja bure na keisi. Dukani waombe waiwashe mbele yako, nenda na GPU-Z kwenye flashi. Mstari wa GPU uandike GB206, Bus Width 128 bit, Shaders 4608, memori GB 16. Ukikuta kimoja kimetofautiana, piga picha ya skrini unitumie kabla hujalipa, hata kama ni saa saba usiku.